Kutu, Petroli na Baba Naomi

Baba Naomi,

Wanaoandika barua huanza na "mpendwa." Nimejaribu kuliandika neno hilo, mkono ukakataa. Pokea basi jina ulilolipata siku nilipokuzalia mtoto, maana hilo angalau halina uongo ndani yake.

Mdogo wako Zakaria amefika jana hapa Ulemo akitokea Manyoni. Amekunywa chai, amezunguka na habari za mvua na bei ya vitunguu, mwishowe akasema umemtuma. Unataka kurudi nyumbani. Yule mama mwenye gesti huko amekufungia mlango, mgongo unakusumbua, gari lipo na linatembea, na unataka kuja nalo kabla mvua hazijaanza. Umeomba nisafishe lile banda la nyasi ulimokuwa unalilaza gari. Zakaria ndiye atakayekuletea majibu, na bahasha sikuifunga. Nimemwambia apitie kwanza Kinampanda amsomee mama yako, na akichoka kukaa kimya kwenye basi amsomee abiria wa jirani. Mambo yetu kijiji kizima kilishayajua siku nyingi, sioni cha kuficha.

Kabla sijakujibu nataka nikukumbushe, kwa sababu nahisi umesahau ulivyokuwa ukinuka.

Unakumbuka siku gari lilipoingia uani? Ushirika ulikuwa umekufa, godauni limefungwa, na wewe karani wa stoo umerudishwa nyumbani na asante ya mdomo. Wenzako waliopunguzwa kazini walifungua vibanda vya sabuni na chumvi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imeachia biashara, kila mwenye meza alikuwa mfanyabiashara. Wewe ukatuletea lile gari dogo la mgongo wa kobe, aliloliacha nesi wa Kizungu wa misheni, lililokaa nyuma ya godauni hadi magurudumu yakazama ardhini. Lilivutwa na maksai wa baba yako mkubwa. Maksai mbele, gari nyuma, Naomi ameshika usukani kwa mkono mmoja na pua kwa mkono wa pili, na wewe unatembea pembeni na shati jeupe kama bwana harusi. Watoto wa shule walipiga makofi. Mimi nilisimama mlangoni na ufagio wangu, nikaona panya anachungulia kwenye tundu la taa.

"Mama Naomi," ukasema, "hili nitalifufua kwa mikono yangu."

Mikono ipi? Ulikuwa hodari wa kuhesabu magunia, sikatai, lakini baiskeli yako mwenyewe ilipokatika mnyororo uliisukuma mpaka Kiomboi. Nilidhani utachoka baada ya wiki. Sikujua kwamba mtu aliyeambiwa hatakiwi tena kazini anaweza kuling'ang'ania bati bovu kama vile ndilo litakalomrudishia jina lake. Hilo nilikuja kulielewa polepole, na ndilo lililonifanya nivumilie. Ukiwa chini ya gari lile hukuwa mtu aliyepunguzwa. Ulikuwa na kazi, na ulikuwa unaimba.

Lakini Mungu wangu, uchafu! Ulipofungua kiti cha nyuma tulikuta ukoo mzima wa panya, na vitoto vyao vyekundu visivyo na manyoya vikijinyonganyonga kwenye sufi iliyooza kwa mikojo. Mimi nilikimbilia nyuma ya nyumba nikatapika. Wewe ulivizoa na upawa wangu wa mboga. Upawa wangu, Baba Naomi. Nilipokuuliza ukasema utausuuza. Ndipo ulipoanza kuniita Bibi Kinyaa, na mama yako akalidaka jina hilo akaenda nalo Kinampanda, na mpaka leo wapo wanaonisalimia hivyo sokoni.

Beseni langu la kukandia unga ulilijaza mafuta ya taa ukaloweka boliti. Kwenye sufuria ya maharage ulichemsha vyuma gani sijui, utando mweusi ukashika pembeni, nikaisugua kwa majivu na mchanga mpaka kucha zikakatika, na bado maharage yalinuka gereji. Kabureta uliiweka dirishani chumbani, upande wangu wa kitanda, eti isipate vumbi. Kila nilipolalamika jibu lako lilikuwa moja: "Siku hizi ruksa, Mama Naomi." Mkono mweusi kwenye bakuli la mboga, ruksa. Kuingia kwenye shuka nilizozifua asubuhi na suruali yenye grisi, ruksa. Na siku ile ulipovuta petroli kwa mpira ukaimeza, halafu ukacheua katikati ya sala ya chakula mbele ya mzee wa kanisa, sikusikia kama na hiyo uliiita ruksa, kwa sababu nilishatoka nje.

Nacheka kidogo ninapoandika haya, na kucheka kwenyewe kunaniudhi.

Nakumbuka na yule fundi wa trekta uliyemwita kutoka Kiomboi, aliyekuja na mkoba wake wa spana kwa mbwembwe zote. Akafungua boneti ya mbele, akakuta tairi la akiba na kiota cha kuku. Akainama, akachungulia, akasema, "Mzee, injini ya gari hii imeibwa." Ulimzungusha nyuma ukamwonyesha. Akauliza rejeta iko wapi atie maji, ukamwambia hili halinywi maji, linapoozwa kwa upepo. Alikuangalia kwa huruma, akafunga mkoba wake, akaondoka. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Ulikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi na ulinishika bega ukaacha doa kwenye blauzi yangu ya kitenge, nami nikaendelea kucheka.

Baada ya hapo, utake usitake, gari likawa letu wawili. Nani alisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikatoka damu? Kila nilipopuliza ule unga mwekundu uliniingia puani, nikapenga kamasi jekundu wiki nzima. Sakafu ilikuwa imeoza kiasi kwamba kuku alikuwa anapita katikati yake. Ulikata madebe ukaziba, na mimi ndiye niliyeyashikilia ukipiga ribiti. Viti vile nilivishona mimi, kwa cherehani ya mama yangu, kwa turubai ambalo sindano ilikuwa hailipendi. Nilivunja sindano hadi duka la Kiomboi likaishiwa. Mshono wa pembeni niliufanya mara mbili, wenye uzi mweupe, kwa sababu nilitaka nikikaa mbele kwenye kiti changu nione kazi yangu. Rangi ulipaka kwa brashi, ile ya bluu iliyobaki kwenye milango ya godauni. Ilikauka na nywele za brashi ndani yake, na nzi wawili watatu. Ulisema hiyo ni alama ya kiwanda.

Sasa tufike kwenye alizeti yangu.

Injini ilikuwa imefungwa, umeizungusha kwa mkono ikakubali, ulikuwa kama mtoto. Kilichokosekana ni oili. Maduka ya Singida mjini yalikuwa yameanza kujaa, lakini basi lilikuwa limeharibika na wewe huwezi kusubiri. Mimi nilikuwa Ulemo ya juu kwenye mazishi ya shangazi. Chini ya kitanda kulikuwa na dumu langu la mafuta ya alizeti, niliyoyakamua kwa mikono yangu na ile mashine ya kuzungusha, mafuta mazito yasiyochujwa, ambayo nilikuwa nayaweka ili kumshonea Naomi sare ya shule na kuanza biashara yangu. Ukasema mafuta ni mafuta. Ukalimimina dumu zima ndani ya injini.

Nilikuwa bado narudi njiani nikasikia harufu ya maandazi. Nikajiuliza nani anakaanga mchana huu, tena kwa mafuta mengi hivyo. Kadiri ninavyokaribia nyumbani ndivyo harufu inavyozidi, na watoto wamekusanyika kwenye ua wetu wanameza mate. Gari lilikuwa linaunguruma! Kweli lilikuwa linaunguruma, linatoa moshi wa chapati, na wewe umesimama pembeni umeinua mikono kama mchungaji. Halafu likakohoa. Halafu likakaza. Halafu likanyamaza, na harufu ikageuka ikawa ya sufuria iliyosahaulika motoni.

Ulipoifungua ile injini, mafuta yangu yalikuwa yameganda humo ndani, manjano, yenye kunata kama ulimbo wa kunasia ndege. Yalivuta nyuzi. Yalinuka uvundo wa mafuta yaliyochacha pamoja na kitu kama nywele zilizoungua. Tulikwangua kwa vijiko vyangu vya chai, siku baada ya siku, wewe pistoni, mimi vifuniko, na inzi wametuzunguka kama tumechinja. Hukuniomba radhi hata siku moja. Ulisema, "Angalau tumejua inawaka." Mimi nilikuwa nakwangua sare ya mwanangu kutoka kwenye chuma chako.

Hata hivyo nilikaa. Unajua ni kwa nini? Kwa sababu ya ile jioni ya mvua.

Gari lilikuwa bandani, injini iko chini kwenye gunia, na mvua ikatukuta humo ndani tukipima viti. Hatukutoka. Ulikuwa na mahindi mawili ya kuchoma mfukoni, kwenye mfuko ule ule wa spana, na nilikula langu bila kulifuta. Ukashika usukani. Ukasema tumepita Misigiri sasa, tunashuka kwenda Singida, funga kioo vumbi linaingia. Kioo chenyewe hakikuwepo. Ukaniuliza nataka tusimame wapi. Nikasema ziwani, Singidani, nishuke na viatu vyangu vya kanisani, watu waone nimefika kwa gari langu na sikubanana na magunia ya mtu. Ukasema, "Hicho kiti ulichokaa hatakikalia mtu kabla yako." Sikukuomba useme hivyo. Ulisema mwenyewe, mvua inapiga juu ya bati, na mimi Bibi Kinyaa nilikulalia begani kwenye shati lililolowa petroli, na sikusikia harufu yoyote.

Nimeichukia ile jioni kuliko panya wote.

Gari lilipona baada ya mavuno. Oili ya kweli ilikuja na basi, ringi zikaja, likawaka na likaendelea kuwaka. Niliamka mapema, nikaoga, nikapaka mafuta, nikavaa gauni la zambarau na viatu vya kanisani. Nilimvalisha Naomi. Wewe ukalizunguka gari, ukapiga teke tairi moja, ukasema upepo ni mdogo. "Nakwenda kujaza upepo Misigiri. Nikirudi tunaondoka." Nikasema twende wote. Ukasema na tairi zile, uzito utaziumiza.

Tulikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mimi na mwanao, tumevaa. Jua likapanda. Naomi akaniuliza kama upepo wa Misigiri umeisha. Alipolala mapajani kwangu nilikuwa bado nakutetea moyoni, nasema labda breki, labda plagi. Majirani walipita na kurudi, na hakuna aliyeuliza, na hapo ndipo nilipojua kwamba wao walijua kitu ambacho mimi sikukijua. Nilivua viatu jioni, miguu imevimba.

Habari zikaja kwa vipande. Gari la bluu limeonekana Singida. Gari la bluu limeonekana njia ya Dodoma. Mwisho, mama mmoja wa kanisa letu aliyekwenda Manyoni kupanda treni akakukuta stesheni, umeegesha, umechana nywele, na yule mwenye gesti amekaa mbele, amenyoosha mguu nje ya mlango, anakula machungwa na kutema mbegu chini. Aliniambia kwa upole, mama wa watu, akidhani kwamba kinachoniuma ni mwanamke. Nilimuuliza kitu kimoja tu: amekaa kiti cha mbele? Akasema ndiyo, cha mbele, kile chenye mshono mweupe.

Baba Naomi, nimewahi kuona jipu likitumbuliwa. Nimewahi kusafisha choo cha shule kilichofurika. Hakuna kilichonitia kinyaa kama picha ile ya wewe umechana nywele. Uchafu wako wote wa nyuma niliupokea nikidhani ni wa mtu anayefanya kazi kwa ajili ya nyumba yake. Kumbe kila nilipokuwa nakwangua nilikuwa nakuandalia njia. Usafi uliotuficha sisi miaka yote, ukampelekea yeye. Na hukununa, hukugombana nami, hukusema umenichoka. Ulinidanganya kwa pampu ya upepo, mimi nimevaa viatu.

Haya. Hayo ndiyo yetu. Sasa nikwambie hali ilivyo, maana hukuuliza.

Mama yako hajambo, ananisalimia kwa jina la Bibi Kinyaa na mimi naitikia. Naomi amekuwa mrefu, yuko sekondari, ana mdomo kama wako na hasira kama zangu. Ukitaka kumwona mwandikie mwenyewe, yeye ndiye atakayekujibu, sitamshika mkono wala kumzuia. Mimi ninakamua alizeti. Siyo kwa kuzungusha tena. Kimekuja kinu cha injini hapa Ulemo, wanawake tumeungana, tunapeleka mafuta mpaka Singida mjini kwa pikapu ya kukodi. Dereva wa pikapu hiyo amenifundisha kuendesha tukirudi tupu. Anasema nakanyaga breki kama naua nyoka, lakini gari halijapinduka.

Nyumba ni safi. Shuka zangu ni nyeupe. Nililia sana mwaka ule, hilo usilikose, lakini sasa naamka asubuhi nikipika chai inanuka chai.

Zakaria alipomaliza maneno yako nilimwambia arudie. Siyo maana yake, maneno yenyewe, kama ulivyoyatoa mdomoni. Alijikuna. Nikamwambia, "Shemeji, usiongeze wala usipunguze." Mzee wa kanisa alikuwa hapa, yule wa sala ya petroli, amekuja kwa habari za mchango wa paa, naye akasikia. Zakaria akasema:

"Kaka alisema hivi. Mwambie Mama Naomi asinikasirikie, namletea gari yake."

"Gari ya nani?"

"Yake. Yako, shemeji. Alisema yako."

Najua ulivyolisema. Nakujua. Ulilisema kama mtu anayembembeleza mtoto kwa pipi, ili nikisikia "yake" niyeyuke, nikimbilie kufagia banda na kukutandikia. Ulidhani nitalipokea neno zima pamoja na wewe ndani yake. Lakini umelisema, kwa mdomo wako, mbele ya ndugu yako wa tumbo moja, na limerudiwa mbele ya mzee wa kanisa. Na mimi nimelifikiria usiku kucha na nimeliona ni la kweli. Turubai ni langu. Kutu ile niliivuta mimi. Mafuta yangu yalimwagwa humo ndani. Ukiacha boliti tu, sioni kilicho chako.

Kwa hiyo majibu yangu ni haya, Zakaria ayasome polepole.

Gari langu nimelikubali. Lilete. Banda nimeshalifagia, na kinu kinahitaji chombo cha kubebea madumu. Sitalionea kinyaa. Grisi yake naijua, inatoka kwa majivu na sabuni ya kipande.

Wewe sijakuita. Mama yako huko Kinampanda atakuwa ameshasomewa barua hii, nadhani ameshakutandikia kitanda chako cha ujana, na mgongo wako atauchua kwa maji ya moto. Usipite hapa kunisalimia. Usilete honi mlangoni. Ukifika pale njia ya Ulemo inapoachana na barabara, lizime, uache ufunguo juu ya kiti cha mbele, ushuke, ufunge mlango taratibu kwa sababu bawaba ile ilikuwa mbovu. Nitakuja na miguu yangu kulichukua. Ukiniona nakuja, uwe umeshaondoka.

Safari njema mpaka hapo.

Mama Naomi,
mwenye gari.